Neno la Getini

Darasani kwetu hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Tulikuwa wanafunzi wachache wa uzamili katika isimu, wengi wetu walimu wa sekondari tuliochoka kusahihisha insha, na tulikutana jioni za Ijumaa katikati ya mji wa Nakuru, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila mtu aliitwa kwa mada yake. Kulikuwa na Matusi, aliyetafiti jinsi mashabiki wa mpira wanavyotukanana. Alikuwa mtu mpole ajabu, mzee wa kanisa, na mifano yake aliisoma darasani kwa sauti ile ile ambayo nadhani alisomea zaburi. Kulikuwa na Matangazo, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi, ambaye alitaka kujua kwa nini matangazo ya kanisani huwa marefu kuliko mahubiri. Mimi nilikuwa Kwaheri.

"Kwaheri amefika, tuanze," Matusi angesema nikiingia, na hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumeshazoea.

Mada yangu ilikuwa kuagana. Watu wa kwetu Dundori hawajui kuondoka. Hilo nalisema kama mtu aliyezaliwa huko, si kama mtafiti. Mgeni anasema, "Haya basi, wacha nianze kusonga," na hapo ndipo ugeni unapoanza rasmi. Mwenyeji anashtuka kana kwamba ametukanwa. Chai ya pili inaletwa. Baada ya chai lazima yawe maombi, na lazima atafutwe wa kuomba, na kila mtu akatae kwanza. Baada ya amina mgeni anasimama, anabaki amesimama hapo hapo, anapewa viazi, anakataa, anabeba viazi. Kisha anasindikizwa hadi getini, na hapo getini watu wanasimama tena kama ambao hawajaonana mwaka mzima.

Mimi sina subira hiyo. Nikishakula nataka kwenda. Mama husema nilizaliwa nimevaa viatu. Wenzangu walichagua mada walizozipenda, lakini mimi nilichagua kitu kinachoniudhi, kwa sababu najijua: mapenzi yangu huisha haraka, lakini nikiudhika ninaweza kuudhika mpaka nipate shahada.

Kukusanya kwaheri za watu ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Kwanza, taratibu za utafiti zinataka mtu aombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa, na mtu akishajua kwamba kwaheri yake inarekodiwa, haagi tena kama mtu, anaaga kama mheshimiwa. Jirani yetu mmoja alienda kwanza chumbani akafunga kitambaa cha kanisani, akarudi, akaniaga kwa ushuhuda mrefu wa jinsi alivyookoka. Pili, ili upate kwaheri lazima mtu aondoke, na mara nyingi wa kuondoka nilikuwa mimi mwenyewe. Ningesimama, tungeanza kuagana vizuri, halafu ningegundua kinasa sauti kimezima, niketi tena, niombe turudie. Katika nyumba moja waliniombea, nikaketi. Wakaniombea tena, nikaketi. Safari iliyofuata mwenye nyumba alimwomba Bwana, waziwazi na mimi nikisikia, anijalie utulivu wa akili.

Nilifika hata Ndabibi, kwa majirani wa shangazi yangu. Huko bibi mmoja alinisikiliza kwa makini nikimweleza kwamba natafiti jinsi watu wanavyoagana. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Akasema asante lakini hana haja, watoto wake walishamlipia bima ya mazishi.

Hata hivyo nilipata kitu. Niliposikiliza zile rekodi nyumbani kwangu Kiamunyi, nikiwa na chai yangu na daftari, niliona kwamba watu hawasemi kilichowaleta wakiwa ndani ya nyumba. Ndani wanazungumzia mvua. Wanazungumzia mvua, wagonjwa wa watu wengine, na mchungaji mpya. Kilichowaleta wanakisema getini, mkono ukiwa kwenye komeo, wakiangalia pembeni. Mzee mmoja alikaa kwa jirani yake alasiri nzima, akala, akanywa, akaombewa, na alipofika getini akasema, "Halafu, yule ndama wako ameingia kwa kabichi zangu." Wakati huo ndama alikuwa bado yumo kwenye kabichi. Dada mmoja alisema getini kwamba alikuja kumwambia rafiki yake anaolewa wiki ijayo. Nikaliita hilo neno la getini, nikalipeleka kwa msimamizi wangu.

Msimamizi wangu, ambaye ofisi yake ilikuwa kando ya chumba chetu cha darasa, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa akiaga kwa kugeuza kiti chake kuelekea kompyuta.

"Jina zuri," alisema. "Ushahidi uko wapi?"

Akageuza kiti.

Nilikuwa katikati ya kutafuta ushahidi mama aliponipigia simu.

"Baba yako ameenda hospitali," alisema.

"Anaumwa na nini?"

"Hajasema. Alisema anaenda mjini kutafuta dawa ya viazi. Nimejua ni hospitali kwa sababu alivaa soksi mpya."

"Na amerudi?"

"Amerudi."

"Wamemwambia nini?"

"Nimemuuliza," mama alisema. "Amesema foleni ilikuwa ndefu."

Baba ni mkulima wa viazi, na si mtu wa kuficha mambo kwa sababu hana mambo. Anachojua kinajulikana na mtaa mzima: viazi vimeshikwa na baridi, ng'ombe amekataa kupandwa, mchungaji amekosea mstari. Huniita Mami, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na kwetu mtoto mwenye jina la nyanya yake huitwa mama na baba yake mzazi. Akiwa amekasirika huniita Mwalimu. Wiki mbili baadaye alivaa tena zile soksi, akaenda, akarudi, na foleni ilikuwa ndefu tena. Akaanza kuacha chakula kwenye sahani. Kisha akamwita mama nyuma ya nyumba, akamwonyesha jinsi ya kuwasha na kuzima pampu ya maji.

Hiyo pampu ndiyo iliyomtisha mama. Ile pampu haikuwahi kuguswa na mtu mwingine tangu inunuliwe. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuiegemea tu, nikaitwa Mwalimu kabla hata sijajua kusoma.

"Wewe si unasomea mambo ya kuongea?" mama aliniambia kwa simu. Alikuwa ananong'ona, maana yake baba alikuwa karibu. "Sasa mfanye aongee."

Nilimweleza kwamba isimu haifanyi kazi hivyo.

"Basi huwa mnasomea nini huko?" aliuliza. Hakuwa na ubaya. Alitaka kujua tu. Jopo la chuo lilikuwa limenihoji kuhusu pendekezo langu na halikuwahi kuniuliza swali gumu kama hilo.

Basi nikaanza kwenda Dundori kila Jumamosi. Niliogopa, niseme ukweli. Niliogopa kitu ambacho baba anakijua na mimi sikijui, na niliogopa zaidi kwamba atakaa nacho mpaka kitusemee chenyewe. Lakini nilikuwa pia na nadharia, na mtu mwenye nadharia ni mtu hatari. Nilijua sitamuuliza ndani ya nyumba. Ndani tungezungumzia mvua. Nilijua neno litatoka getini.

Jumamosi ya kwanza nilikula, nikanywa chai ya pili bila kuombwa, jambo ambalo lilimfanya mama aniangalie. Nikaombewa. Nikapokea viazi. Baba akavaa gambuti na jaketi yake ya zamani, tukatembea polepole kando ya ua wa miiba ya kayaba hadi getini, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye paa la zizi. Kinasa sauti kilikuwa mfukoni, baba mwenyewe akiwa ameniruhusu tangu mwanzo wa utafiti. "Rekodi tu," alikuwa ameniambia. "Mimi sina kitu nasema."

Tulifika. Nikaweka mkono kwenye komeo, nikasubiri.

"Basi salimia watu wa huko," baba alisema.

"Nitawasalimia."

Nikasubiri. Baba akaangalia barabara. Nikaangalia barabara. Punda alipita na mikebe ya maziwa, tukamwangalia yeye.

"Si uende?" baba alisema mwishowe.

Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilijaribu kila mbinu niliyoiona kwenye data. Niliondoka mapema, niliondoka nikiwa nimechelewa. Nilisahau mwavuli kwa makusudi ili nirudi tuanze tena. Siku moja nilisimama pale getini hata mama akatoka kuja kuona kama tumegombana. Nilichokuwa nimepata kutoka kwa baba ni kwamba nimsalimie kila mtu, ninunue mbolea ya mboga zangu za sukuma wiki mapema, na kwamba wale wa kaunti wamesema watachonga barabara. Mzee wa ndama alisema. Yule dada wa kuolewa alisema. Watu nisiowajua walinimwagia maisha yao mbele ya mageti yao, na baba yangu mzazi ananiambia habari za barabara. Nilirudi Kiamunyi nikiwa na hasira, na chini ya ile hasira kulikuwa na uoga, na kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda nilikuwa nimekumbatia viazi.

Niliandika haya yote, bila kusema ni baba, nikayapeleka kwa msimamizi. Nilimwambia kwamba nina mtoa habari mmoja anayeiharibu nadharia yangu. Ana neno, kila mtu wa nyumba ile anajua ana neno, na halisemi getini.

Msimamizi alisoma kurasa zangu akiwa anakula karanga.

"Huyu mzee," alisema, "geti ni la nani?"

"Ni lake."

"Na anayeondoka ni nani?"

"Ni mimi."

Akaacha karanga. "Nitafutie mwenyeji mmoja," alisema, "kwenye data yako yote, mwenyeji hata mmoja, ambaye alisema neno lake akiwa kwenye geti lake mwenyewe."

Nilifungua tarakilishi, nikapitia. Nilipitia tena. Wote walikuwa wageni. Mzee wa ndama alikuwa mgeni, yule dada alikuwa mgeni, hata wale wa Ndabibi walikuwa wageni.

"Mwenyeji aseme, halafu aende wapi?" msimamizi alisema. "Atageuka arudi nyumbani akae na hilo neno. Mgeni anasema kwa sababu ana barabara mbele yake. Umekuwa ukimngoja mtu asiye sahihi. Rekebisha sura ya nne."

Akageuza kiti.

Nilishuka ngazi hadi pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikakaa juu ya mfuko wa saruji, nikalia. Mwenye duka aliniuliza, "Ni mtihani, madam?" Nikamwambia ni sura ya nne. Akanipa maji ya kunywa, akaendelea kupima misumari.

Sasa nilijua kinachotakiwa. Baba alitakiwa awe mgeni. Lakini baba hatembelei watu. Kwake mtu aliye na mifugo na bado anatembea tembea ni mtu ambaye mifugo yake ina njaa. Tangu nihamie Kiamunyi alikuwa amekuja mara moja tu, kuangalia kama nyumba ina nyufa. Nilipompigia simu kumwalika, aliniuliza, "Nije kufanya nini kwa hizo nyumba za mawe?"

Nikatafuta sababu. Nilimwambia mfereji wa jikoni unavuja. Haukuwa unavuja sana, lakini nililegeza kitu kidogo mpaka ukavuja vizuri.

Baba alikuja Jumatano, kwa pikapu ya jirani anayeleta kabichi mjini, akiwa amevaa gambuti na ameshika spana. Akauangalia mfereji, akaniangalia mimi, akaurekebisha. Nikamwambia chai iko tayari. Akasema fundi hanywi chai kazini. Nikamwambia basi nimsindikize. Akasema fundi hasindikizwi, na kabla sijafunga mlango alikuwa ameshavuka barabara, akiitembeza ile spana mkononi. Nilibaki na mfereji mzima na chai ya kunywa peke yangu.

Sikuwa na mbinu nyingine. Nilifika darasani Ijumaa nikawa nimenyamaza, na Matusi akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amenitukana. Nikamwambia hapana, na kwamba kama angekuwepo wa kunitukana ningefurahi. Alifikiri kidogo. Akasema kama ni lazima, anaweza kunisaidia. Matangazo akasema tuanze kwa maombi kwanza. Nilicheka hapo, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka baada ya muda.

Jumapili hiyo, mimi nikiwa ndiyo nimetoka kanisani, nilisikia geti la ploti likigongwa. Wapangaji wa ploti yetu hawagongi, wanapiga honi au wanapiga kelele. Nilitoka nikamkuta baba. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, kofia, viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Mkono mmoja ulishika kuku aliyefungwa miguu na mwingine ulishika mfuko wa viazi. Nilimwangalia chini. Alikuwa amevaa zile soksi.

Fundi haleti kuku. Nilielewa kwamba leo amekuja kama mgeni.

"Karibu, Baba," nilisema.

"Asante, Mami. Hamjambo hapa?"

Alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu asiyetaka kulichafua. Alisifu nyumba. Alisema mvua huku kwangu ni kidogo, kule Dundori imezidi. Aliuliza kwa nini majirani wangu hawana ua wa miti, wanajificha nyuma ya mabati kama wafungwa. Aliulizia wagonjwa wa watu wengine. Nilimpa chakula akala kidogo, akakisifu sana, na mimi nikamjibu kila kitu vizuri, nikiwa sijui hata nasema nini.

"Haya, Mami," alisema baada ya muda mrefu. "Wacha nianze kusonga."

"Na chai?" nilisema haraka. "Utaendaje na hujakunywa ya pili?"

Akanywa ya pili. Halafu tukafika kwenye maombi, na tulikuwa wawili tu. Aliniambia niombe, nikakataa, nikamwambia yeye, akakataa, nikaomba mimi. Sijui nilichoomba. Alisimama, akabaki amesimama. Sikuwa na viazi vya kumpa isipokuwa vile alivyoleta, kwa hivyo nilimpa mkate na majani ya chai. Akakataa. Akabeba.

Kutoka mlangoni kwangu hadi getini ni hatua chache tu, zinapita kati ya kamba za nguo za wapangaji. Kwetu Dundori kuna njia nzima kando ya kayaba. Niliogopa kwamba hapa kwangu njia haitoshi, kwamba neno halitapata nafasi ya kupanda. Nilitembea polepole. Baba alitembea polepole zaidi, akainama chini ya shuka za watu. Tukafika. Akaweka mkono kwenye komeo.

"Hiyo kitu yako ya kurekodi," alisema. "Unayo?"

"Ninayo."

"Imewashwa?"

"Hapana, Baba."

"Iwache tu hivyo."

Akaangalia pembeni, kule kwa nguo.

"Wameona kitu kwa tumbo," alisema. "Wanataka kunipasua Alhamisi. Nimewaambia nitafikiria." Alilisukuma komeo kidogo, akalirudisha. "Mama yako sijamwambia. Nikimwambia tukiwa pale nyumbani, halafu nikae wapi?"

Nilikuwa na saa na saa za rekodi za watu wakijibiwa kwenye mageti, na nilikuwa nimeyapanga yale majibu kwa aina zake, na hakuna hata moja lililokuja.

"Naogopa, Mami," baba alisema.

Sijawahi kumsikia baba akisema hivyo. Ng'ombe alipomvunja mbavu alisema ng'ombe alishtuka. Na aliposema Mami, mara hii sikusikia lile jina la kila siku. Nilisikia mtu mzima amesimama mbele yangu na koti lake zuri, anamwambia mama yake.

"Mimi pia naogopa," nilimwambia, nikamshika mkono wa koti. "Naogopa sana, Baba. Lakini Alhamisi tutaenda."

"Tutaenda?"

"Tutaenda."

Akatikisa kichwa, akakubali kama anayekubali mkate. Akafungua geti, akatoka. Hapo ndipo mwenyeji husema salimia watu wa nyumbani, akarudi ndani. Mimi sikuweza. Nilitoka nikamfuata, nikiwa na slipas za ndani, mlango wangu uko wazi na kuku wake amefungwa chini ya meza. Nilimpigia kelele mpangaji mwenzangu aniangalizie nyumba na asimchinje kuku. Tukaenda hadi mahali ambapo yule jirani wa kabichi alikuwa akimngoja na pikapu. Baba akapanda. Nikapanda.

"Wewe unaenda wapi?" baba aliniuliza.

"Nakusindikiza."

Jirani aliangalia slipas zangu, akaangalia mbele, akawasha gari. Njia nzima alizungumzia bei ya kabichi na hakuna aliyemsikiliza.

Mama alikuwa getini tulipofika Dundori. Alikuwa anatuangalia tangu tulipoteremka kwenye pikapu, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Mbona umekuja na slipas kwa hii baridi?"

Baba hakuingia. Alisimama upande wa barabarani na mama akiwa upande wa ndani, akavua kofia kama mtu aliyekuja kuuliza kama kuna nyumba ya kukodi.

"Wacha niseme nikiwa hapa," alisema.

Akasema. Alisema yote, yale yale, kitu kwa tumbo na Alhamisi, ila la kuogopa hakulisema, lilikuwa limebaki Kiamunyi. Mama alisikiliza akiwa ameshika ubao wa geti. Hakuuliza kwa nini hukuniambia. Nilimwona akilimeza hilo swali, na halikuwa dogo.

"Alhamisi?" alisema.

"Alhamisi."

"Basi vua hizo soksi," mama alisema, "nizifue zikauke mapema."

Akafungua geti lote, yale mabawa mawili, kama linavyofunguliwa kwa gari. Akamwambia baba karibu. Mimi nilipita katikati yao nikaenda kuweka chai, na siku hiyo sikumuaga mtu. Nililala kwenye kitanda changu cha zamani nikiwa nimevaa gauni la mama.

Ziara ile haimo kwenye tasnifu yangu. Hata kama ningeirekodi, msimamizi angeniuliza nani alikuwa mgeni, nami ningeshindwa kumjibu. Tena haikuwa kuagana. Katika kuagana lazima mtu mmoja aende na mwingine abaki.

Alhamisi tulikuwa hospitalini sote watatu, asubuhi na mapema. Walimchukua baba kwenye kitanda cha magurudumu, tukamsindikiza hadi kwenye milango ambayo nesi alituambia ndiyo mwisho wetu. Baba aligeuza kichwa. Nilidhani ana neno. Akamwambia mama asisahau kuzima pampu. Kisha milango ikafungwa, na mimi na mama tukakaa kwenye benchi tukishikana mikono. Hatukuzungumzia mvua. Tulikaa hivyo mpaka daktari akatoka, akatuambia kile kitu wamekitoa chote na kwamba mzee anaendelea vizuri. Mama alimuuliza mara mbili ni mzee yupi.

Baba alizinduka alasiri, midomo imekauka. Alimtafuta mama kwa macho kwanza, halafu akanitafuta mimi. Mama aliinama karibu kabisa na uso wake.

"Umeonaje huko?" alimuuliza.

Baba alionekana anapima kama nguvu zitatosha.

"Foleni ilikuwa ndefu," alisema.

Mama alicheka huku akilia mpaka nesi akamwambia atoke nje kidogo.